Maziwa si dawa ya sumu

Mgonjwa aliyemeza sumu anapofikishwa katika chumba cha dharura ninakofanya kazi ya uuguzi, jambo la kwanza ninalolitazama ni jinsi anavyopumua, na la pili ni kuwauliza waliomleta wamempa nini kabla ya kutoka nyumbani. Jibu ninalolipata mara nyingi kuliko yote ni maziwa. "Sista, tumeshamnywesha maziwa," mama atasema, kwa sauti ya mtu anayetegemea kuambiwa kwamba hatari imekwisha kupungua. Wengine hutaja mayai mabichi, mafuta ya kula, maji ya chumvi, maji ya sabuni, mkaa wa jikoni uliotwangwa na kukorogwa, au kidole walichomtia kooni ili atapike. Hakuna anayefanya hivyo kwa uzembe. Wanafanya walichofundishwa na mabibi na majirani, na wanakifanya haraka kwa sababu wanampenda mgonjwa wao. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kuhusu huduma ya kwanza kwa aliyemeza sumu au kuzidisha dawa, nikieleza sababu pamoja na maagizo, kwa kuwa agizo lisilo na sababu husahaulika mtu anapotaharuki.

Agizo lenyewe ni fupi. Mwondolee kilichobaki mdomoni, usimtapishe, usimnyweshe kitu kwa kubahatisha, mlaze kwa ubavu ikiwa amelegea au amezimia, kisha mwahishe hospitali pamoja na chombo cha kile alichomeza. Yapo mambo machache yanayopaswa kufanywa tofauti kulingana na aina ya sumu, nami nitayataja kila moja mahali pake.

Nianze na maziwa. Maziwa hayana uwezo wa kuiua sumu ikiwa tumboni. Yanachofanya ni kulijaza tumbo, na tumbo lililojaa hutapika kwa urahisi, hasa la mtoto mdogo. Mgonjwa aliyelegea akitapika, matapishi huingia kwenye njia ya hewa badala ya kutoka nje, na aliyekuwa na tatizo moja anakuwa na mawili. Zaidi ya hayo, zipo sumu zinazoyeyuka katika mafuta, na mafuta yaliyomo ndani ya maziwa huzisaidia kuingia katika damu. Mfano ni nafthalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini na sandukuni ili wadudu wasile nguo, ambavyo mtoto huvidhania pipi. Aliyekimeza anapaswa kukaa saa kadhaa bila maziwa wala chakula chenye mafuta, na apelekwe hospitali hata akionekana mzima, kwa sababu nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu siku moja au mbili baadaye, hasa kwa aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, upungufu ambao si wa nadra katika nchi zetu zenye malaria. Mkojo wake ukigeuka rangi ya chai ya rangi, au macho yakawa ya manjano, muda wa kusubiri umekwisha.

Sumu ninayoiona zaidi kwa watoto walioanza kutembea ni mafuta ya taa. Familia nyingi hununua kidogo kidogo, na mafuta hayo hutiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kisha chupa ikawekwa chini, karibu na jiko la mchina au koroboi. Mtoto mwenye kiu anaijua chupa ile. Jana aliinywea juisi. Anapiga funda moja, anapaliwa, anakohoa na kulia, na mama akifika anamkuta ananuka mafuta mdomoni, na kifua cha fulana kimelowa.

Ni lazima ieleweke mafuta haya yanadhuru wapi. Yakifika tumboni, kwa kiasi kile ambacho mtoto huweza kukimeza kabla ladha haijamchukiza, kwa kawaida hayaleti balaa kubwa. Balaa liko mapafuni. Mafuta ya taa ni mepesi na hayana unato, kwa hiyo kiasi kidogo tu kikiingia kwenye njia ya hewa hutambaa na kusambaa ndani ya mapafu, kikaharibu utando mwembamba unaovifanya vifuko vya hewa vibaki wazi, na kuleta uvimbe unaofanana na nimonia. Mtoto alipopaliwa mara ya kwanza, huenda kilichoingia kilikuwa kidogo sana. Anayemtapisha anayapitisha mafuta yale yale kooni kwa mara ya pili, na safari hii mtoto analia, amechoka, na anavuta hewa kwa nguvu. Anayempa maziwa anafikia matokeo hayo hayo kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa mtoto huyatapika maziwa na mafuta pamoja.

Nimpokeapo mtoto wa namna hii, humfungua nguo kifuani nikahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, jicho moja likiwa kwenye saa na jingine kwenye tumbo lake linalopanda na kushuka. Dakika nzima, si nusu dakika ya kuzidisha kwa mbili, kwa maana watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano anayefikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia anapumua haraka kupita kiasi. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, kiwango ni 50. Pua zinazotanuka kila pumzi, ngozi inayodidimia chini ya mbavu, na mguno mdogo kila anapotoa hewa ni dalili kwamba anapigania hewa. Mzazi anaweza kuyaona yote haya akiwa ndani ya bajaji, na mzazi anayefika akisema "alipoanza safari alikuwa anapumua mara 35, sasa ni 50" ametupa taarifa yenye thamani kubwa.

Nyumbani, kabla ya safari, mvue mtoto nguo zilizolowa na umwoshe kwa maji na sabuni, kwani mafuta yakikaa kwenye ngozi huichoma, na mvuke wake anaendelea kuuvuta. Fanya hivyo mbali na moto. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mafuta yamemwagika jikoni, jiko huenda linawaka, na kila mtu anamtazama mtoto badala ya sakafu. Hospitalini, mtoto asiye na dalili yoyote huangaliwa kwa saa 6 angalau, na asipokohoa wala kupumua haraka katika muda huo kwa kawaida huruhusiwa kurudi nyumbani. Mwenye dalili hupewa oksijeni na kulazwa. Wengi hupona.

Wapo watakaouliza mbona zamani hospitali zenyewe zilikuwa zikiwatapisha wagonjwa. Ni kweli zilifanya hivyo. Nchini Marekani, kwa miongo kadhaa, wazazi walishauriwa kuweka nyumbani chupa ya sharubati ya ipekaki, dawa inayomfanya mtu atapike, mpaka mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kilipoacha kuipendekeza na kuwaambia wazazi waitupe ile waliyokuwa nayo. Sharubati ilikuwa ikitapisha kama ilivyokusudiwa, lakini hapakuwa na ushahidi kwamba waliotapishwa walipona zaidi ya wengine, kwa sababu kutapika hutoa sehemu tu ya sumu, na mgonjwa anayetapika mfululizo hawezi kupewa dawa nyingine anayoihitaji kwa mdomo. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko ipekaki. Chumvi nyingi isipotapikwa huingia katika damu na kupandisha sodiamu kwa kiwango kinacholeta degedege na kuharibu ubongo, na wapo watu waliokufa kwa chumvi waliyonyweshwa, si kwa kile walichokuwa wamemeza mwanzoni.

Ndugu wengi hutuomba tumwoshe mgonjwa tumbo, na tusipofanya hivyo huona tumempuuza. Kupitisha mpira hadi tumboni na kulisukutua kuna hatari ile ile ya kupaliwa, na faida yake hupungua haraka kadiri muda unavyopita. Siku hizi hufanywa kwa nadra. Kinachotumika zaidi, kwa sumu zinazofaa, ni mkaa wa hospitali, unga mweusi uliotengenezwa kwa namna ya pekee hadi gramu moja ikawa na matundu madogo mno ambayo eneo lake likitandazwa hufikia takribani mita za mraba 1,000. Sumu hunata humo na kutoka na choo. Huo hutolewa hasa ndani ya saa moja ya kwanza, kwa mgonjwa aliye macho au ambaye njia yake ya hewa imelindwa. Mkaa wa jikoni si huo. Hauna matundu hayo, na ukishatwangwa na kunyweshwa kwa nguvu unaishia mapafuni. Hata mkaa wa hospitali haushiki mafuta ya taa, asidi, magadi makali, pombe wala madini ya chuma, kwa hiyo usishangae tukikuambia kwamba kwa mgonjwa wako hautasaidia.

Vitu vinavyounguza vina sheria yake. Nazungumzia asidi ya betri, magadi makali yanayotumiwa kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, na dawa kali za kusafishia vyoo. Hivi huunguza mdomo, koo na umio, yaani njia ya chakula kuelekea tumboni, kuanzia sekunde ya kwanza, na kumtapisha mgonjwa ni kuviunguza viungo hivyo mara ya pili. Hapa msukutue mdomo kwa maji mengi na umfute midomo na kidevu. Ikiwa yu macho, anameza bila shida na tukio limetokea sasa hivi, anaweza kupewa maji, au hata maziwa, kwa mafunda madogo, ili kuosha kilichobaki kooni. Hapo ndipo maziwa yanaporuhusiwa, tena kwa kazi ambayo maji yanaiweza pia. Akikataa, akidondosha mate au akilalamika kwamba kumeza kunauma, usimlazimishe. Wala usitumie ndimu au siki kwa kudhani kwamba uchachu utaondoa ukali wa magadi, kwa sababu vitu hivyo vikikutana hutoa joto linaloongeza kidonda. Midomo isiyo na vidonda haithibitishi kwamba koo ni salama.

Niingize hapa betri ndogo za mviringo, za saa na vitu vya kuchezea, ingawa si sumu kwa maana ya kawaida. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, aliyeimeza ndani ya saa 12 zilizopita na anayeweza kumeza, apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, mara sita tu, huku mkiwa njiani, kwani asali huipaka betri na kupunguza uunguzaji. Safari isicheleweshwe kwa kutafuta asali. Aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa.

Katika wilaya za wakulima, sumu inayotutoa jasho ni dawa za shambani na za mifugo, hasa zile za kundi la oganofosfeti. Mwilini kuna kimeng'enya kinachozima ishara za neva baada ya kufikisha ujumbe wake, na dawa hizi hukizuia kisifanye kazi, hivyo kila tezi inaendelea kutoa majimaji bila kukoma. Mgonjwa hutokwa na mate, machozi, jasho na makamasi, hujikojolea, huharisha. Mboni za macho yake husinyaa zikawa ndogo mno, misuli humchezacheza chini ya ngozi, na mapafu hujaa majimaji hadi povu likamtoka mdomoni. Anayeyaona haya nyumbani kwa mara ya kwanza hudhani ni kifafa au amerogwa, na saa nzima hupotea.

Sumu hii hupita pia kwenye ngozi, kwa hiyo anayemsaidia mgonjwa anaweza kudhurika. Vaa glavu, na usipokuwa nazo vaa mifuko ya plastiki mikononi. Mvue nguo zote, zifunge ndani ya mfuko, mwoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na usisahau nywele, nyuma ya masikio na chini ya kucha. Ndani ya gari fungueni madirisha. Ikiwa ameacha kupumua, usimpulizie mdomo kwa mdomo kabla mdomo wake haujasafishwa na bila kizuizi kati yenu. Moyo ukiwa umesimama, bonyeza kifua huku msaada ukiitwa. Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa vidonge vya kufukizia nafaka, ambavyo hutoa gesi ya sumu vikikutana na unyevu, hata ndani ya matapishi. Huyo asinyweshwe maji, na wanaomhudumia wakae penye hewa.

Hospitalini kiuasumu cha oganofosfeti ni atropini, na hutolewa kwa namna inayowashangaza ndugu: sindano kila baada ya dakika chache, kiasi kikiongezwa maradufu mpaka mapafu yakauke na moyo upige vizuri. Ndugu huona vichupa vitupu vinarundikana mezani na kuniuliza kama hatumzidishii dawa. Kwa mgonjwa huyu, wingi huo ndio unaomtoa. Jambo ninaloomba sana ni kwamba asidaiwe kuruhusiwa mapema kwa sababu tu amefumbua macho na kuomba uji. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, baadhi yao hupatwa na udhaifu wa misuli, wakashindwa kuinua shingo kutoka kwenye mto na kisha kushindwa kupumua, na aliyekwisha kupelekwa kijijini hana wa kumsaidia.

Kuzidisha dawa kuna ugumu wa aina nyingine, nao ni ukimya. Aliyezidisha parasetamo, ile ambayo wengi huiita panadol bila kujali jina la kiwandani, anaweza kukaa siku nzima ya kwanza akiwa na kichefuchefu kidogo tu au asijisikie vibaya hata kidogo, huku ini lake likianza kuharibika. Manjano na maumivu ya ubavu wa kulia huja siku ya pili au ya tatu. Kiuasumu chake kipo, kinaitwa asetilisisteini, na kikianza ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe huliokoa ini karibu mara zote. Baada ya hapo bado kinasaidia, ila si kwa uhakika ule. Ndiyo sababu sikubaliani kabisa na ushauri wa "mwacheni alale, kesho tutaona." Kesho ndiyo iliyochelewa.

Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki hufanya hila ya namna hiyo kwa watoto. Vingi vina rangi ya kuvutia na vimepakwa sukari, na kila nyumba yenye mjamzito inavyo. Mtoto aliyevimeza hutapika na kuharisha, pengine kwa damu, kisha anatulia kwa saa kadhaa na kuanza kucheza, mama anamshukuru Mungu, halafu hali inaporomoka upya kwa nguvu zaidi. Kutulia kule kusikurudishe nyumbani.

Kwa dawa za kisukari, sukari ya damu hushuka, na inaweza kuendelea kushuka kwa siku nzima au zaidi. Hapa pana jambo la kufanya kwa mdomo: ikiwa mgonjwa yu macho na anameza, mpe maji yenye sukari au soda isiyo ya kupunguzwa sukari, kisha mwondoke. Akiwa hajitambui usimmiminie chochote; hospitali itampa sukari kwa mshipa.

Aliyezidisha dawa za usingizi, tramado (dawa kali ya maumivu) au heroini hufa kwa kuacha kupumua. Usimmwagie maji, usimpe kahawa, usimzungushe uani ili azinduke. Mlaze kwa ubavu, wa kushoto ikiwezekana, goti la juu likiwa limekunjwa mbele na mkono wa juu ukiwa chini ya shavu, mdomo ukielekea chini ili mate na matapishi yatoke. Ndugu wengi huridhika wakimsikia anakoroma, wakidhani amepata usingizi. Mkoromo wa mtu asiyeamka akiitwa ni sauti ya ulimi unaoziba njia ya hewa. Inua kidevu chake, na usitoke pembeni yake hata dakika moja.

Pombe isiyo salama niitaje kwa ufupi. Mwezi Mei 2014, katika kaunti kadhaa za Kenya zikiwamo Embu na Kiambu, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, aina ya pombe ya viwandani ambayo ni sumu. Mtu aliyekunywa jana na leo anaona ukungu machoni, anapumua kwa kina na tumbo linamuuma, hana uchovu wa pombe wa kawaida. Apelekwe siku hiyo hiyo, na waliokunywa naye watafutwe hata kama hawajaanza kuumwa.

Sasa kuhusu waliomeza kwa makusudi. Hao wapo, ni wengi kuliko jamii inavyopenda kukiri, na mara nyingi hufikishwa kwetu wamechelewa kwa sababu familia ilikuwa inaficha. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba, na mimi naona walifanya vema. Hofu ya polisi huwafanya ndugu waseme "amekula chakula kibaya," nasi tukatibu chakula kibaya wakati sumu inaendelea kufanya kazi. Mwambie muuguzi ukweli, hata kwa kunong'ona pembeni. Ikihitajika fomu ya polisi, mtu mmoja aende kuishughulikia huku mwingine akiwa tayari njiani na mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe usimhoji kwa nini, usimkaripie, usimkumbushe aibu aliyoileta nyumbani. Muulize alimeza nini, saa ngapi, na kama kuna kingine alichochanganya, kisha mshike mkono. Nimewaona wengi wakijuta kabla hatujamaliza kuweka dripu. Anayepitia wakati mgumu wa namna hiyo, au ndugu anayemhofia mwenzake, afike kituo cha afya na kuomba kuonana na mhudumu wa afya ya akili kama anavyoomba matibabu ya malaria, na kwa muda huo dawa na sumu ziondolewe nyumbani. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kufikia mwaka 1995 na kuendelea kuviondoa vingine baadaye, na kufikia mwaka 2005 kiwango cha vifo vya kujiua nchini humo kilikuwa kimepungua karibu kwa nusu. Saa ile mbaya ikimkuta mtu asiye na sumu mkononi, mara nyingi hupita.

Kuhusu chombo, nasisitiza kwa sababu ndicho kinachosahaulika. Leteni chupa, pakiti, karatasi ya vidonge au mfuko wenye lebo, hata kama kimebaki kitupu. Kikiwa kinavuja kifungwe ndani ya mifuko miwili. Ikiwa ni dawa ya kienyeji, leteni mizizi au unga uliobaki, na msione haya. Ikiwa ni vidonge, hesabuni vilivyobaki, na mkisahau vilikuwa vingapi semeni idadi ya juu kabisa inayowezekana. Kama watoto walikuwa wawili, waje wote wawili.

Kwa upande wa kuzuia, sihitaji kuongeza mengi juu ya lile la chupa. Nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, watafiti waligawa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, na matukio ya watoto kunywa mafuta hayo yakapungua karibu kwa nusu. Asiye na chombo kama hicho atumie kidumu chenye kifuniko cha kukaza, ambacho hakijawahi kuwekwa kinywaji, kikae juu, mahali ambapo mtoto hawezi kufika hata akipanda kigoda. Dawa ya shambani isihamishwe kamwe kutoka kwenye chupa yake yenye lebo, hata kama jirani ameomba kidogo tu. Vidonge vya bibi mwenye presha na kisukari visikae chini ya mto wake wajukuu wanapolala naye.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa na kuruhusiwa kurudi nyumbani aangaliwe kwa siku mbili tatu zinazofuata. Anyonye na ale kama kawaida, asikae chumba chenye moshi wa jiko, na mama amhesabie pumzi asubuhi na jioni akiwa amelala. Homa, kikohozi kinachozidi, pumzi zinazopita kiwango nilichokitaja, kukataa kunyonya au kulala kusiko kwa kawaida ni sababu ya kumrudisha hospitali, hata ikiwa ni usiku wa manane na hata kama tulikuwa tumekwisha kusema yu salama.